Mbuzi wa mwenyekiti

Mwaka 1998 baba yangu aliuza mbuzi alipe deni ambalo hakulikopa. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji, muhula wake wa pili, huko kwetu Muheza, ambako machungwa yakikomaa hata mtoto wa darasa la tatu hakosi senti ya daftari. Kijiji kilikuwa kimechangishana fedha za madawati. Kila kaya ilitoa shilingi 1,000, na asiyekuwa nayo alileta ubao au siku moja ya kazi. Siku ya mkutano mkuu iligongwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, watu wakaja na vigoda vyao, baba akasoma mapato na matumizi. Alipomaliza, fundi baiskeli mmoja akanyoosha mkono. Akasema yeye hakusoma sana, lakini hesabu hiyo haifungi. Kuna shilingi 14,000 hazina risiti.

Nilikuwa na miaka 12, nimekaa juu ya ukuta wa ghala la kijiji, na sijawahi kutamani ukuta unimeze kama siku ile. Baba alieleza kwamba fedha hizo zilikwenda kwenye nauli na kusafirishia mbao kutoka mjini, na risiti alimkabidhi mtendaji wa kijiji. Mtendaji akasimama, akasema risiti anaitafuta. Watu wakaguna. Aliyekulia kijijini anaujua mguno ule: haumtaji mtu, lakini kila mtu anajua unamwendea nani.

Mkutano ukakataa kupokea taarifa. Ikaundwa kamati ya watu watano, fundi baiskeli akiwemo, na bibi mmoja aliyekuwa anamdai baba kilo mbili za sukari tangu msibani. Wakapewa wiki mbili. Risiti haikuonekana. Mkutano ulipokaa tena, baba akaambiwa alipe au arudishe muhuri. Akauza beberu wake mweusi, akalipa mbele ya watu, fedha zikahesabiwa noti kwa noti, na akabaki kuwa mwenyekiti. Mtendaji, ambaye sahihi yake ilikuwa kwenye kila karatasi sambamba na ya baba, alipata barua ya uhamisho kabla masika hayajaanza. Akaenda kata nyingine.

Kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kama kichekesho cha familia. Nimeanza kuiona tofauti hivi karibuni, nikimsaidia binti yangu kazi ya shule ya somo la uraia. Daftari lake lina mchoro tunaoujua sote: miduara mitatu, mmoja Serikali, mwingine Bunge, wa tatu Mahakama. Chini yake mwalimu ameandikisha kwamba mihimili hii inajitegemea na inachungana. Nikajikuta namtafuta baba kwenye mchoro. Angekaa mduara gani? Aliongoza mkutano uliotunga sheria ndogo za kijiji, ile ya kuzuia mbuzi kuzurura, kwa mfano. Asubuhi yeye huyohuyo alizisimamia. Jioni watu waligombana mipaka ya mashamba, wakaja kubisha hodi kwetu awaamue. Kwa kipimo cha daftari, baba alikuwa dikteta kamili, mihimili yote mitatu ndani ya kanzu moja. Na bado sijawahi kuona mtawala aliyebanwa kama yeye. Aliulizwa risiti ya shilingi 14,000 hadharani, mwanawe akitazama.

Tangu hapo nimeacha kuanza na swali la daftari, yaani madaraka yamegawanywa kwa nani na nani. Naanza na hili: huyu nani anaweza kumwondoa, na kwa utaratibu gani?

Katiba yetu ya 1977 haina haya kusema asili ya madaraka. Ibara ya 8 inatamka kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 4 ndiyo yenye ile miduara, ila kwa Tanzania miduara ni sita, jambo ambalo madaftari mengi huliruka: Serikali mbili, Mahakama mbili, na vyombo viwili vya kutunga sheria, yaani Bunge na Baraza la Wawakilishi, kwa sababu Zanzibar ina vyake. Kisha unafika ibara ya 62, unakuta Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Ibara ya 55 inataka mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Ibara ya 66 inamruhusu Rais kuteua wabunge wasiozidi 10. Kwa hiyo miduara haikuachana, imelaliana. Haya si maajabu, Waingereza waliotuachia mfumo huu nao mawaziri wao hukaa bungeni. Lakini tusimfundishe mtoto kwamba inajitegemea halafu tukanyamaza.

(Wazee wetu wangechora mafiga matatu badala ya miduara, chungu kikikaa juu. Bahati mbaya mafiga tulishayatumia kwenye kampeni. CCM ilituomba kura kwa kaulimbiu ya mafiga matatu, ikimaanisha Rais, mbunge na diwani wote watoke chama kimoja. Mfano uleule ambao ungefaa kueleza kugawana madaraka ukatumika kueleza kutoyagawa.)

Turudi kwenye swali langu, tupande nalo ngazi.

Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji, hana mshahara, na mkutano mkuu unaweza kumtoa. Mkutano huo ndio kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, si wajumbe wa kuteuliwa. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 inakipa kijiji halmashauri ya watu 15 hadi 25 yenye hadhi ya kisheria, inayoweza kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza uzito: halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa kipande bila ridhaa ya mkutano mkuu. Mimi leo naishi Dar es Salaam, nina king'amuzi na maji ya bomba, na nina madaraka kidogo kuliko binamu yangu aliyebaki Muheza. Mtaa wangu hauna hadhi hiyo. Una mwenyekiti wa kuchaguliwa na kamati ndogo, lakini si chombo chenye mali na sauti yake kisheria kama kijiji. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mtu mwema sana. Tunakwenda kwake kupata barua ya utambulisho, anagonga muhuri, tunamshukuru, tunaondoka. Sijui majirani wangapi wamewahi kumuuliza mapato na matumizi. Mimi sijawahi.

Tena wengine kabla ya kufika kwake wanapitia kwa balozi wa nyumba kumi, kama walivyofanya mama zao. Balozi si kiongozi wa serikali. Ni kiongozi wa shina la chama, mfumo uliojengwa miaka ya sitini wakati chama na serikali vilikuwa mkono na kiganja. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, balozi alibaki upande wa chama. Miguu ya watu haikuarifiwa. Hakuna ibara inayompa madaraka, lakini akisema "huyu simfahamu" kazi yako inaweza kulala wiki nzima.

Panda ngazi. Diwani huchaguliwa na kata. Ukimchoka utasubiri miaka mitano, basi. Yeye na wenzake ndio baraza la halmashauri, na baraza linapitisha bajeti, linatunga sheria ndogo, linahoji. Anayetekeleza ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Madiwani wanaweza kumkasirikia, kumpigia kelele mbele ya waandishi wa habari, hata kupitisha azimio la kutokuwa na imani naye. Kalamu ya kumwondoa iko kwingine. Jirani yake yuko mkuu wa wilaya, naye wa kuteuliwa, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa, kama ilivyompa mkuu wa mkoa, uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Sheria imeweka masharti, lazima kuwe na kosa au hatari kwa amani, na mtu afikishwe mahakamani. Miaka kadhaa nyuma tulizoea kuona kwenye taarifa ya habari saa 48 zikigawiwa kama pipi: mtumishi aliyechelewa kikao, diwani aliyejibu vibaya. Hapo mduara wa Serikali ulikuwa umemeza mduara wa Mahakama, na muda wa kuumeza ulikuwa siku mbili kamili.

Nani anamwondoa mkuu wa wilaya? Kila Mtanzania mwenye simu anajua: mkeka. Jioni taarifa kutoka Ikulu inatoka, majina yamepangwa kama ukili, huyu ameteuliwa, huyu amehamishwa, huyu uteuzi wake umetenguliwa, huyu atapangiwa kazi nyingine. Tunausambaza mkeka kabla ya chakula cha usiku. Lugha yetu imekuwa hodari sana katika eneo hili, na watu hupata misamiati pale wanapotazama mara nyingi. Angalia tunavyosema "kutenguliwa", kama nyonga. Lakini "kuhojiwa na wananchi na kuondoka", hilo halina neno moja.

Simlaumu mkuu wa wilaya kama mtu. Nimewajua wawili watatu waliofanya kazi usiku na mchana. Ninachosema ni kwamba mtu hutazama upande ambako barua yake inatoka. Baba alitazama chini, kwenye vigoda, kwa sababu muhuri wake ulitoka huko. Mtendaji alitazama juu, kwenye halmashauri ya wilaya, na haikuwa tabia mbaya. Ilikuwa akili ya kawaida ya mtu mwenye watoto.

Kwa mbunge mambo yanapinda zaidi. Humwondoi katikati ya muhula, hata akihamia Dodoma moja kwa moja na kusahau njia ya jimboni. Chama chake kinaweza. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kimekwisha. Maelfu waliompigia kura hawana mkono katikati ya muhula, na kikao cha chama cha watu wachache kinao. Mbunge naye anajua hesabu hiyo, ndiyo maana sishangai mjadala wa bajeti unapoanza kwa pongezi ndefu. Kuna kisa kilichochanganya kila mtu: wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020, wakaendelea kukaa bungeni miaka na miaka huku mashauri yakiendelea. Wapo waliosema Bunge limevunja Katiba, wapo waliofurahi kuona kwa mara moja chama kimeshindwa kumng'oa mtu. Mimi nilibaki nikitafuta upande uliowauliza wapiga kura. Viti maalumu havina jimbo, kwa hiyo hata wa kuwauliza hawakuwepo.

Rasimu ya pili ya Katiba mpya, ile ya Tume ya Jaji Warioba iliyotoka Desemba 2013, ililigusa donda hili. Ilitaka wananchi waweze kumwajibisha mbunge kabla ya muhula kwisha, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Rasimu ikaenda kwenye Bunge Maalumu la Katiba, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa, ndiyo, wabunge. Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa Oktoba 2014, vifungu hivyo havikuwemo. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo hatujaipiga. Ukimpa kinyozi kioo na mkasi na kumwambia ajinyoe upara mwenyewe, usitegemee sana.

Sasa nijipinge kidogo, maana nikiishia hapo nitakuwa kama nasema kila mtu aondolewe na kila mtu wakati wowote. Baba yangu hakuiba. Ule mkutano chini ya mwembe ulikuwa mzuri wa kuuliza, lakini ulikuwa hakimu mbaya. Ulimtoza aliyekuwepo kwa sababu ndiye aliyefikika. Wapo watu ambao hatutaki wang'oke kwa mguno wa umati wala kwa jioni moja ya mkeka, na Katiba inalijua hilo. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais, lakini kumwondoa ni safari: ni lazima iundwe tume ya kumchunguza, wakiwemo watu ambao ni majaji au waliopata kuwa majaji katika nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, na sababu ni mbili tu, kushindwa kazi au mwenendo mbaya. Mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutolewa ni tundu la sindano. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kumhukumu aliyemteua bila kutetemeka, angalau kwenye karatasi.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amewekewa kinga inayofanana. Huyu ndiye fundi baiskeli wa taifa, kazi yake kusema hesabu haifungi. Mwishoni mwa 2018 Profesa Mussa Assad aliulizwa redioni, akiwa New York, kwa nini ripoti zake hazizai matunda, akajibu kwamba Bunge kutochukua hatua ni udhaifu. Neno moja. Januari 2019 Spika akamwita ajieleze mbele ya kamati, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo miaka yake mitano ilitimia, akateuliwa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Hukumu ilikuja wakati kiti kilishakaliwa miaka mitatu. Nikikitazama kisa hiki naona ngazi imegeuzwa: anayetumia fedha za umma ni vigumu kumgusa kutoka chini, anayezikagua ni rahisi kumsogeza kutoka juu.

Sitaki kuwa mchoyo. Bunge limewahi kuuma. Februari 2008 Kamati Teule ilisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, mawaziri wawili nao wakatoka, na Baraza zima la Mawaziri likavunjwa. Baba alisikiliza redioni siku nzima, akasahau kwenda shamba. Jioni aliniambia kwenye simu, "Leo Dodoma wamegonga ringi." Lakini Bunge lina sababu ya kung'ata kwa tahadhari. Linaweza kumshitaki Rais, kwa utaratibu mrefu unaohitaji theluthi mbili. Naye Rais anaweza kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali yake. Kila upande umeshika kamba ya mwenzake, ila moja fupi, nyingine ndefu.

Halafu kuna fedha, maana madaraka bila mfuko ni kofia tu. Hili tuliwahi kulijaribu kwa ukamilifu. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa na maofisa wakapelekwa mikoani kufanya kazi iliyokuwa ya madiwani. Jina lilisema madaraka yanashuka. Waliokuwa chini waliona yameshuka na wenyewe wake kutoka juu. Miji ikachakaa hadi halmashauri zake zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za 1982 zikarudisha zilizobaki. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Si viongozi wengi wanaosema hivyo wakiwa bado Ikulu.

Hata hivyo tumeendelea kuvuta mfuko juu, kidogo kidogo. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003, na nani hakushangilia? Mgambo walikuwa wakiwakimbiza watu mashambani kama swala. Kodi ya majengo ikapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, unanunua umeme na kodi imekwisha lipwa kabla hujawasha taa. Kwa ukusanyaji ni ufundi mtupu. Lakini baba aliona jambo ambalo sikulitegemea. Aliniambia kwamba fedha zilipoanza kutoka juu, mahudhurio ya mkutano mkuu yalipungua. Mtu aliyetoa shilingi 1,000 yake ya dawati alikuja na kigoda chake. Mtu aliyeletewa darasa zima na mradi alituma mtoto akasikilize.

Baba aliachia uenyekiti mwaka 1999. Muhuri alikuwa akiutunza kwenye kopo la biskuti pamoja na wino na cheti chake cha ubatizo, akaukabidhi kwa mwenzake ukiwa umefutwa safi kwa mafuta ya taa. Mwenyekiti aliyemfuata alikuwa yule fundi baiskeli.

Miaka kama tisa baadaye nilikuwa naye stendi ya Muheza tukisubiri basi la Tanga, akaja mtu mnene kidogo, kofia mkononi, akampa baba shikamoo ya heshima sana. Ni yule mtendaji. Sasa alikuwa mtendaji wa kata, amepanda. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana wake na watoto, wakacheka. Basi lilipokuwa linaingia, mtendaji akashika mkono wa baba, akamwambia kwamba ile risiti aliiona. Ilikuwa kwenye faili la ofisi, imejibana nyuma ya muhtasari wa kikao kingine. Aliiona wakati anafunga vitu vyake kuhama.

"Ukaiacha humo?" baba akauliza.

"Mzee, nilikuwa nimeshakabidhi ofisi."

Baba akapanda basi, akakaa dirishani, akafungua kioo. "Na mbuzi wangu je?"

Mtendaji akacheka, akapunga kofia.